Jino la Ognyan

Katika daftari la zamu, wino wa bluu,
miandiko ya watu saba:
Ognyan, kitanda cha nane. Kapiga kichwa ukutani. Tabia yake.
Jumatatu, tabia yake. Jumatano, tabia yake.
Jumapili mmoja wetu alichoka kuandika,
akatia vistari viwili vya kurudia chini ya neno.

Mwandiko ule wa vistari ni wangu.

Nyumba yetu iko nyuma ya mashamba ya alizeti,
kilomita tisa toka kituo cha basi cha Gorna Lipa.
Mto Danubi uko karibu, husemwa,
ila hakuna mtoto wa hapa aliyewahi kuuona.
Watoto kumi na sita, mimi, na mikono yangu miwili.
Uji wa semolina ndani ya chupa,
chuchu imekatwa kwa mkasi ili umiminike upesi:
dakika nne kila kinywa, naye kalala chali.
Uliopotea njia uliingia mapafuni.
Kila Januari walikohoa, tukasema ni baridi.
Ognyan ana miaka kumi na mmoja.
Ana kilo kumi na tatu.

Mtoto akililia wembe, mpe.
Huyu hakulilia wembe.
Alikuwa nao mdomoni.

Tsvetelina alikuja mwezi wa pili,
muuguzi mgeni, viatu vyake bado vina theluji,
akapiga magoti sakafuni akauliza:
"Anapiga upande gani?"
Tukatazamana. Upande gani wa nini?
Miaka miwili ya kishindo,
rangi ya ukuta imebanduka kwa umbo la kichwa chake,
na hatukujua upande.

Kushoto. Daima kushoto.

Akaingiza kidole, Ognyan akakiuma.
Hakukichomoa. Alingoja, akinong'ona maneno ya kawaida,
habari za basi lililochelewa,
mpaka taya likalegea lenyewe.
Kule nyuma kabisa, kwenye mwanga wa tochi,
jino jeusi, na jipu kama punje ya zabibu.

Daktari wa meno wa mjini alisema kiti chake hakifai.
Hospitali ya mkoa ilisema aje, lakini kwa usingizi wa dawa,
na usingizi wa dawa unataka sahihi ya mzazi,
na mzazi anachuma stroberi Uhispania, simu haipatikani,
na mkurugenzi yuko likizo, na muhuri uko na mkurugenzi.
Siku kumi na moja.
Tulimpa dawa ya maumivu, kijiko kila saa sita,
ileile iliyokuwa kabatini miaka yote miwili,
na ukuta ukaanza kunyamaza.

Lile jino nimeliweka kwenye kiberiti kitupu.
Usiku aliporudi niliamka mara nne,
nikaweka sikio juu ya pua yake,
maana ukimya ule sikuuzoea.
Alikuwa amelala tu.
Alikuwa mtoto amelala, mkono chini ya shavu,
shavu la kushoto.

Siku hizi namlisha ameketi, mto mgongoni, dakika arobaini.
Nani anawalisha wengine dakika hizo?
Usiniulize. Niulize.
Ukimaliza kuniuliza, njoo na mikono.

Natembea na tochi kitanda kwa kitanda.
Milka anayesaga meno: upande gani?
Hristina anayejipinda kama upinde akibadilishwa nepi:
ni nyonga? Ni choo kigumu? Ni mikono yangu ya baridi?
Wanaopiga kelele wamenirahisishia kazi.

Blagoy, kitanda cha kumi na nne, ndiye ninayemwogopa.
Hajalia tangu vuli.
Macho yake yananifuata mpaka mlangoni.
Nimefungua daftari, nimerudi nyuma kurasa thelathini,
na kila ukurasa, kwa miandiko ya watu saba,
mmoja wao mimi:

Mtulivu.
Mtulivu.
Vistari viwili.